Habari za Biharamulo: Wahakiki wa Habari Mbele ya Mizani ya Wanazuoni wa Hadith

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika miaka ya karibuni limezuka kundi la watu ambao kazi yao ni kupima yale yanayosemwa hadharani na kuyatolea hukumu: hili ni kweli, hili si kweli, hili linapotosha. Wanaitwa wahakiki wa habari. Barani Afrika ipo Africa Check, iliyoanzishwa mwaka 2012, na ipo PesaCheck inayotoa hukumu zake kwa Kiswahili pia. Hapa Tanzania zipo Nukta Fakti na JamiiCheck. Makhatibu wengi wameipokea kazi hii kwa mikono miwili, na mara kwa mara utasikia ikitajwa juu ya mimbari pamoja na Aya ya 6 ya Suratul Hujurat, kana kwamba kazi yao ndiyo utekelezaji kamili wa Aya ile.

Makala hii inaikubali nusu ya kauli hiyo na kuihoji nusu ya pili. Kwamba wahakiki wanafanya jambo jema, hilo halina ubishi. Lakini mizani yao ina upungufu ambao mwanafunzi wa elimu ya Hadith na fiqhi anapaswa kuuona. Wao huipa habari hukumu moja kwa matumizi yote, ilhali sheria yetu inapima ushahidi kwa kuangalia habari hiyo itatumika kufanyia nini. Habari ya kumtuhumu mtu inahitaji ushahidi mzito. Habari ya kujikinga na madhara inatosheka na mdogo. Anayezichanganya hizi mbili anaweza kuua mtu huku akidhani anatekeleza Qur-an.

Jambo hili tutalipima kwa tukio lililotokea katika nchi yetu, wilayani Biharamulo, na kisha tutavuka kwenda kwa jirani zao wa Ngara.

Siku sita za Januari

Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kuwa katika wilaya za Biharamulo na Muleba, mkoani Kagera, walikuwepo watu 9 walioshukiwa kuwa na ugonjwa wa Marburg, na kwamba 8 kati yao walikuwa wamefariki. Haukupita muda, Waziri wa Afya wa wakati huo, Jenista Mhagama, akatoa taarifa kwamba hadi tarehe 15 Januari majibu ya maabara ya washukiwa wote yalionyesha kuwa hawana kirusi hicho. Kisha tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitika. Vipimo vilifanywa katika maabara inayohamishika ya Kabaile, mkoani Kagera, na kuthibitishwa Dar es Salaam. Sampuli nyingine 25 hazikuonyesha kirusi.

Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 10: wawili waliothibitika kwa maabara, na 8 waliohesabiwa kuwa yamkini walikuwa nao. Wote 10 walifariki. Na wale 8 walikuwa wameshafariki kabla ugonjwa haujathibitishwa.

Itazame vizuri hesabu hii, ndugu msomaji. Watu 8 kati ya 10 walikufa wakati ugonjwa wao haujapewa jina. Kila mmoja wao alikuwa na watu waliomuuguza, na kila maiti ana haki zake kwa walio hai. Marburg huenea kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa, na mwili wa aliyekufa kwa ugonjwa huo bado unaambukiza. Kwa hiyo mtu aliye hatarini baada ya muuguzi ni yule anayeosha maiti. Swali la ukweli wa habari, katika siku zile sita, lilikuwa ni swali la fiqhi: maiti huyu ataoshwa vipi, na nani atamwosha?

Kazi ya wahakiki na kazi ya Muhaddithina

Ni haki kwanza tueleze kazi ya wahakiki jinsi ilivyo. Mhakiki huanza kwa kuchagua dai linaloweza kupimwa, kwa sababu maoni na utabiri havipimiki. Kisha hulifuata hadi kwa msemaji wake wa kwanza na kumwuliza ana ushahidi gani. Hutafuta nyaraka, takwimu na wataalamu. Kama ni picha, huitafuta ilikotokea mara ya kwanza, kwa kuwa picha ya msiba wa nchi nyingine hupewa maelezo mapya na kuletwa kwetu kama ya jana. Huangalia majengo, mabango na hali ya hewa iliyomo pichani ili kujua mahali na wakati. Mwishoni huandika hukumu yake na kuonyesha njia aliyopita, ili msomaji aweze kuirudia mwenyewe. Mtandao wa kimataifa wa wahakiki, ulioanzishwa mwaka 2015, uliweka kanuni tano mwaka uliofuata: kutopendelea upande, kuweka wazi vyanzo, kuweka wazi fedha na uongozi, kuweka wazi njia ya kazi, na kusahihisha makosa hadharani.

Mwanafunzi wa Hadith akisoma haya hawezi kushangaa. Kumfuata msemaji wa kwanza ni kutafuta sanadi. Kumchunguza msemaji ni jarh na taadil, ambayo Imam Nawawi aliitaja miongoni mwa mambo yanayoruhusu kumsema mtu kwa aibu yake bila ya kuwa ni usengenyaji uliokatazwa. Kuangalia kama maneno yanalingana na yale yaliyothibiti ni uchunguzi wa matni. Ibn Sirin, aliyefariki mwaka 110 Hijria, alieleza kuwa watu hapo mwanzo hawakuwa wakiulizia sanadi, lakini ilipoingia fitna wakaanza kuuliza ni nani aliyewapa habari. Elimu hii ilizaliwa na fitna, kama kazi ya wahakiki ilivyozaliwa na wingi wa uzushi wa zama zetu.

Hata Afrika Mashariki tuna mfano wake wa zamani. Mwaka 1908, wakati wa utawala wa Wajerumani, waraka uliodaiwa kutoka kwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.), ulienea Lindi na kwingineko ukisimulia ndoto na kuonya juu ya Kiama. Watawala waliogopa kuwa ni wito wa uasi. Waraka wa namna hiyo bado unazunguka hadi leo, sasa kwa njia ya simu, ukimtaka msomaji autume kwa watu kadhaa na kumtisha akiuzuia. Sheikh Abdulaziz bin Baz aliuandikia radi na kubainisha kuwa ni uzushi. Hivyo kazi ya kuhakiki haikuja kwetu kutoka ugenini, na aibu ni yetu tunapoona waraka ule ukisomwa katika misikiti yetu.

Sanadi ya habari ya Biharamulo

Sasa tuirejee habari yetu na kuipima kama alivyokuwa akipima Muhaddith.

Taarifa ya WHO ya tarehe 14 Januari ilieleza kuwa siku nne kabla shirika lilipokea taarifa za kuaminika kutoka vyanzo vilivyomo nchini. Vyanzo hivyo havikutajwa. Katika istilahi ya Hadith huyu ni mpokezi mubham, asiyetajwa jina, ambaye aliyepokea kutoka kwake anamsifu kuwa ni thiqa. Imam Shafi'i mwenyewe alitumia lafudhi ya namna hii, na wanazuoni waliokuja baada yake wakahitilafiana: je, sifa ya uaminifu inakubaliwa kwa mtu asiyejulikana? Wengi walisema haitoshi, kwa sababu huenda yeye amemwona kuwa ni thiqa na mwingine ana sababu ya kumtia dosari. Kwa kipimo hiki habari ya WHO, peke yake, haikufika daraja la sahihi. Wala shirika lenyewe halikudai hivyo, bali lilitumia neno "washukiwa".

Taarifa ya Wizara kwa upande wake ilikuwa na msemaji anayejulikana na maabara inayojulikana. Lakini serikali yoyote, si ya Tanzania tu, inapozungumzia ugonjwa ndani ya mipaka yake ina maslahi katika jambo hilo: biashara, utalii, mipaka. Ushahidi wa mwenye maslahi, katika milango ya ushahidi ndani ya vitabu vya fiqhi, husikilizwa kwa uangalifu. Kuwa na maslahi hakumfanyi mtu kuwa mwongo, bali kunamlazimu msikilizaji kutafuta kinachomuunga mkono.

Kulikuwepo pia na qarina, yaani dalili za pembeni. Marburg ilikwishaingia Kagera kabla: tarehe 21 Machi 2023 ilitangazwa katika wilaya ya Bukoba, na hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 9 na vifo 6. Rwanda, ambayo Ngara imepakana nayo kwa daraja la Rusumo, ilitangaza ugonjwa huo tarehe 27 Septemba 2024, wakaugua watu 66 na kufariki 15, na ukatangazwa kwisha tarehe 20 Desemba. Popo wa matunda anayebeba kirusi hicho anaishi katika ukanda huu wote. Habari ya mtu mmoja dhaifu hupata nguvu inapokuja na dalili za namna hii, kama Hadith dhaifu inavyopanda kufikia hasan kwa njia nyingine zinazoitia nguvu.

Matni: kuoanisha kabla ya kupinga

Wanazuoni wa Usuli wamefundisha kuwa habari mbili zinapoonekana kupingana, haifai kukimbilia kuitupa moja. Kwa mpangilio wa jamhuri, kwanza hutafutwa njia ya kuzioanisha. Ikishindikana huangaliwa kama moja imefuta nyingine, kisha ndipo moja hupewa nguvu juu ya nyingine, na hayo yote yakishindikana mtu husimama bila ya kuhukumu, nako ndiko kuitwako tawaqquf.

Tuzisome basi taarifa mbili kwa maneno yake. WHO ilisema kuna washukiwa. Wizara ilisema sampuli za washukiwa, hadi tarehe 15 Januari, hazikuonyesha kirusi. Mshukiwa si mgonjwa aliyethibitika, na sampuli isiyoonyesha kirusi hadi tarehe fulani haisemi lolote juu ya mgonjwa wa tarehe inayofuata, wala juu ya wale waliokufa bila kupimwa. Kwa maneno yake zenyewe, taarifa hizi mbili hazikugongana. Zilizogongana ni zile zilizosikiwa na watu: hawa wamesikia "upo", wale wamesikia "haupo". Tarehe ilikatwa, neno "washukiwa" likakatwa, na matni ikabaki fupi na yenye kupotosha. Muhaddithina waliijua hatari hii, na ndiyo maana walimsema mpokezi anayefupisha Hadith na huku hajui maana inavyobadilika.

Sasa tumfikirie mhakiki anayeandika hukumu yake tarehe 17 Januari. Dai mbele yake ni "kuna Marburg Biharamulo." Anauliza Wizara, anapewa taarifa rasmi. Kanuni zake zinamwelekeza kwenye chanzo cha asili, na chanzo cha asili kimesema sampuli hazina kirusi. Akiandika "si kweli" atakuwa amefuata hatua zake zote, na siku tatu baadaye Rais wa nchi atatangaza kinyume chake. Kosa lake litakuwa ni kuona kuwa lisilothibiti ni la uongo. Na kanuni ya kielimu iko wazi: kutothibiti kwa jambo si kuthibiti kwa kutokuwepo kwake. Muhaddith angeandika "haijathibiti kwa sanadi hii" na kuacha mlango wazi. Wahakiki wengine wanalo fungu la madai yasiyo na ushahidi wa kutosha, na hilo ni jema, lakini msomaji wa simu husoma neno moja lililopigwa muhuri juu ya picha, na neno hilo mara nyingi ni "kweli" au "uongo".

Upungufu mkubwa: hukumu moja kwa matumizi yote

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Hata kama mhakiki angeandika "haijathibiti", bado angekuwa hajamjibu imamu wa Biharamulo. Imamu haulizi tu kama habari ni kweli. Anauliza: kwa habari iliyopo, nifanye nini na jeneza lililo mbele yangu?

Qur-an yenyewe imezigawa habari kwa kuangalia matumizi yake. Zingatia sehemu tatu. Katika Suratun Nur, kwenye kisa cha uzushi dhidi ya Mama Aisha (r.a.), Aya ya 12 hadi ya 16, waumini wanalaumiwa kwa nini waliposikia hawakuwadhania kheri wenzao na kusema kuwa ni uzushi ulio wazi, na wale wasioleta mashahidi wanne wanahesabiwa mbele ya Allah kuwa ni waongo. Hapa habari inagusa heshima ya mtu, na isiyothibiti hufanyiwa kazi kama ya uongo. Katika Suratun Nisaa, Aya ya 83, wanalaumiwa wanaoitangaza habari ya amani au ya hofu inapowafikia, na wanaelekezwa kuirejesha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka, ili wajue wale wenye uwezo wa kuichambua. Hapa habari ya hofu haihesabiwi kuwa ni uongo, wala haitupwi, wala haitangazwi ovyo: inapelekwa kwa wajuzi. Na katika Suratul Hujurat, Aya ya 6, tunaamrishwa kuhakiki habari aliyoileta fasiki, na sababu inatajwa ndani ya Aya: tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Katika kisomo cha Hamza na al-Kisai amri hiyo imekuja kwa neno lenye maana ya kuthibitisha na kutofanya pupa.

Basi illa ya kuhakiki ni kuzuia madhara. Anayekataa tahadhari inayozuia madhara kwa hoja kuwa "habari bado haijahakikiwa" ameishika lafudhi ya Aya na kuiangusha illa yake.

Wanazuoni wa Hadith nao hawakuwa na kipimo kimoja. Wengi wao waliruhusu Hadith dhaifu, kwa masharti, katika fadhila za amali, lakini hawakuiruhusu katika halali na haramu. Na mafaqihi walitaka mashahidi wanne katika zinaa, wawili katika mali, na katika mambo mengine wakatosheka na habari ya mtu mmoja mwadilifu. Kwa madhehebu ya Imam Shafi'i, mgonjwa anaweza kuacha maji na kutayamamu kwa kauli ya tabibu mmoja mwadilifu kuwa maji yatamdhuru. Tabibu mmoja tu! Hakutakiwa kusubiri maabara mbili.

Umar bin al-Khattab (r.a.) anatupa mfano wa pande zote mbili. Abu Musa al-Ash'ari alipomsimulia Hadith ya kubisha hodi mara tatu, Umar alimtaka shahidi, mpaka Abu Said al-Khudri akaja kushuhudia, na Umar akaeleza kuwa hakumtuhumu bali alitaka kuthibitisha. Hapo habari ilikuwa ya kuweka hukumu ya dini. Lakini alipokuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh na kuambiwa kuwa tauni imeingia huko, hakutuma watu wakahesabu maiti kwanza. Alishauriana na Muhajirina, na Ansari, na wazee wa Kikureshi, akaamua kurudi na watu wake. Ndipo Abdulrahman bin Awf (r.a.) akaja na Hadith ya Mtume (s.a.w.) inayokataza kuingia nchi yenye tauni na kutoka humo kwa kuikimbia, Umar akamshukuru Allah. Uamuzi wa kujikinga ulitangulia Hadith, kwa habari iliyokuwepo na kwa mashauriano.

Ibn Hajar al-Asqalani, ambaye Nukhba yake inasomwa na wanafunzi wetu kama mlango wa elimu ya Hadith, ndiye huyo huyo aliyeandika Badhlul Maun juu ya tauni, naye alifiwa na mabinti zake kwa maradhi hayo. Katika kitabu hicho anasimulia kuwa mwaka 833 Hijria, mjini Cairo, watu walikusanyika kwenda jangwani kuomba dua, na vifo vilivyokuwa chini ya 40 kwa siku vikapanda kupita 1,000. Bingwa wa sanadi hakuona haya kuandika alichokishuhudia na kukifanya hoja.

Maiti wa siku za shaka

Turudi kwa yule imamu. Haki nne za maiti ni kumwosha, kumkafini, kumswalia na kumzika, nazo ni faradhi ya kutoshelezana. Wafasiri wa Minhaj ya Imam Nawawi wameeleza kuwa ikishindikana kuosha, kwa kukosa maji au kwa mwili kuharibika au kwa kuhofiwa mwoshaji asipoweza kujikinga, maiti atatayamamishwa. Angalia lafudhi yao: kuhofiwa. Hawakusema "ikithibiti". Hofu yenye msingi inatosha, na msingi huo ni dalili kama zile tulizotaja: vifo vinavyofuatana katika nyumba moja, homa na kutokwa damu, na tangazo la shirika la afya lenye neno "washukiwa".

Na hofu hiyo ina daraja zake. Inapowezekana kujikinga, kwa glovu, mavazi maalumu na watu waliofundishwa, kuosha hakuondoki bila ya kushauriana na wahudumu wa afya. Inaposhindikana, ruhusa ipo. Imeshindikana hata kutayamamisha, imamu awarejee wanazuoni wa mkoa wake, kwani Allah (s.w.) haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Katika tukio la Biharamulo watu 281 waliokaribiana na wagonjwa walifuatiliwa hali zao. Hawakufuatiliwa kwa sababu imethibiti kuwa wanaumwa. Walifuatiliwa kwa shaka, na shaka hiyo haikumfanya yeyote kuwa mkosefu. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na fiqhi inasema kuondoa madhara hutangulizwa kabla ya kuleta maslahi.

Ngara na uzito wa tuhuma

Lakini asije mtu akaichukua hoja hii na kuipeleka asikopelekwa. Wapo watakaosema: kama dhana inatosha kujikinga, basi inatosha pia kusema nani ameuleta ugonjwa, ni familia gani, ni kabila gani, ni wageni wa upande gani wa mpaka. La hasha. Hapo tumetoka kwenye Aya ya hofu na kuingia kwenye Aya ya uzushi, na mizani inageuka.

Watu wa Ngara hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa vitabu. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban wakimbizi 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja na kitu, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Walikuja kutoka nchi ambayo redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993, ilikuwa ikitaja watu ili wawindwe. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu mwezi Desemba 2003 watu watatu wa vyombo vya habari vya Rwanda kwa makosa ya mauaji ya kimbari, na mmoja wao, Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, alikuwa ni Mwislamu. Jina la Kiislamu halimfanyi mpokezi kuwa mwadilifu. Uadilifu ni sifa inayochunguzwa, haurithiwi.

Mwaka 1995, katika wilaya hiyo hiyo ya Ngara, shirika la Wajesuti linalohudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera, kwa maana ya matumaini, ili wakimbizi wa Rwanda na Burundi wapate habari za kutegemewa. Tunatofautiana nao katika itikadi, lakini haki ni haki: fitna ya redio walijibu kwa redio, na kwa lugha waliyoielewa walengwa. Hapa pana somo kwa wahakiki wa leo na kwetu sisi. Hukumu iliyoandikwa Nairobi au Dar es Salaam haimfikii bibi anayezungumza Kihangaza kijijini Ngara. Inayomfikia ni ile inayosemwa na imamu baada ya swala, au na dereva wa lori aliyelala Nyakanazi jana.

Katika mlango wa tuhuma, basi, methali ya lisemwalo lipo haina nafasi. Lisemwalo huenda halipo kabisa, na aliyelisema bila mashahidi, Qur-an imekwishamhukumu.

Uhuru wa mwenye mizani

Limebaki jambo moja: mwenye mizani anakula wapi, na anaruhusiwa kupima nini? Tarehe 7 Januari 2025, wiki moja tu kabla ya tangazo la Biharamulo, kampuni ya Meta, yenye Facebook na WhatsApp, ilitangaza kusitisha nchini Marekani mpango wake wa kuwalipa wahakiki wa nje. Mashirika mengi ya uhakiki duniani, yakiwemo ya Afrika, yalikuwa yamejenga sehemu ya riziki yake juu ya kampuni hiyo. Wanazuoni wa zamani walijadili hata mpokezi anayechukua ujira kwa kusimulia Hadith, na wapo walioacha kupokea kwake. Wahakiki wanapoweka wazi fedha zao wanafanya vyema, lakini kuweka wazi utegemezi hakuuondoi.

Upo na utegemezi wa pili, wa takwimu za serikali. Tanzania ilitoa hesabu yake ya korona tarehe 29 Aprili 2020, kisha ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka. Siku chache baadaye, akiwa Chato, wilaya iliyokuwa sehemu ya Biharamulo hadi mwaka 2005, hayati Rais John Magufuli alieleza kuwa sampuli za mbuzi na papai zilipelekwa maabara na kuonyesha kirusi. Ilikuwa haki kuuliza kama vipimo ni sahihi, kwani huko nako ni kumchunguza mpokezi. Lakini mpokezi akitiliwa shaka hutafutwa mwingine, mlango wa mapokezi haufungwi. Na mabadiliko ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya kuwa ni kosa kutangaza yanayopingana na takwimu rasmi, hadi yalipolegezwa mwaka 2019. Mhakiki asiyeruhusiwa kuipima kauli ya mkubwa anabaki kuwapima wadogo peke yao. Umar alikubali kuulizwa juu ya mimbari, na hakupungukiwa na kitu.

Ndugu imamu, ndugu mwanafunzi, wahakiki wa habari wasikilizwe na washukuriwe, lakini wasikabidhiwe kazi ya fiqhi. Habari ikikufikia, uliza mambo mawili kwa pamoja: imethibiti kiasi gani, na inataka kunifanyisha nini? Ikitaka umtuhumu mtu, funga mdomo mpaka waje mashahidi. Ikitaka ujikinge na kuwakinga watu wako, chukua tahadhari leo na uipeleke kwa wajuzi leo hii hii, bila ya kuipigia kelele. Wale 8 wa Kagera hawakuwa na muda wa kusubiri, na aliyepewa amana ya kuwaosha maiti wa Waislamu hana muda huo pia.

Allah (s.w.) awarehemu waliofariki, awahifadhi watu wa Kagera na nchi zote, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia kauli na kufuata iliyo bora.

Wallahu a'lam.